Simu Ikinyakuliwa: Funga, Futa, Ndipo Uzime Laini

Kati ya paki ya teksi ya Jinja na ile ya Mbale, simu ina nafasi nyingi za kukutoka: dirishani teksi inapopunguza mwendo Iganga, mkononi ukiwa juu ya boda boda, au mezani kwa fundi. Ndani yake kuna Mobile Money, picha ya kitambulisho cha taifa na, kwa karani wa ushirika wa kahawa, majina ya wakulima na malipo yao. Unaweza kuifuta simu ukiwa mbali, ila amri ya kufuta huifikia simu iliyo kwenye intaneti tu. Ndiyo maana lazima ujue kipi kinatangulia.

Jiandae mapema

1. Weka PIN ya laini. Mwizi akiihamishia kwenye simu nyingine, itamdai PIN hiyo, na akikosea mara 3 itajifunga. Waulize kwanza watu wa mtandao wako PIN ya mwanzo. Ukibahatisha, utajifungia mwenyewe.
2. Kwenye Android 10 na matoleo ya baadaye, washa Remote Lock katika mipangilio ya Google.
3. Andika kwenye karatasi misimbo ya akiba ya akaunti ya Google. Hutolewa 10, na kila mmoja hutumika mara moja. Bila hiyo, Google inaweza kutuma msimbo kwenye simu ile ile iliyoibwa. Karatasi ibaki nyumbani, kwa mtu atakayekusomea.
4. Piga *#06# na uandike namba ya IMEI.

Ikiibwa

Azima simu ya mtu unayemwamini.

1. Kwa Android, funga skrini kupitia android.com/lock. Utaulizwa namba yako ya simu, si nywila.
2. Futa kupitia android.com/find, au icloud.com/find kwa iPhone. Ukimaliza, toka kwenye akaunti yako. Kama huenda umeisahau tu ndani ya teksi, ilize kwanza, maana Android ikishafutwa huioni tena kwenye ramani. Ikiwa imezimwa, amri itasubiri irudi hewani. Kadi ya kumbukumbu huenda isifutike, kwa hiyo usihifadhi humo nyaraka za siri.
3. Sasa zima laini: piga 100 kwa MTN au Airtel, ukitumia laini ya mtandao huo huo. Ukianza na hatua hii, simu itakosa intaneti ya kupokea amri ya kufuta. Lakini kama mwizi anaijua PIN yako ya Mobile Money, anza na laini. Pesa ikishatolewa hairudi kirahisi.
4. Peleka IMEI polisi, kisha urudishe laini kwa kitambulisho chako.

Simu ikiwa mikononi mwa polisi kama ushahidi, usifute chochote kabla ya kuzungumza na wakili.

Ikirudi kutoka kwa fundi

Unapoipeleka, toa laini na kadi ya kumbukumbu, wala usitaje PIN. Baadhi ya simu za Samsung na Pixel zina hali maalumu ya matengenezo inayoficha data, iwashe. Ukiichukua, kagua haya:

- WhatsApp, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa: kifaa usichokijua, kiondoe.
- Akaunti ya Google, orodha ya vifaa: fanya vivyo hivyo, kisha badilisha nywila.
- Programu zenye ruhusa ya ufikivu (Accessibility): programu ngeni hapo inaweza kusoma skrini yako.
- Piga *#21# uone kama simu zako zinaelekezwa kwingine. ##002# hufuta maelekezo hayo.

Kompyuta ya ofisi nayo inaweza kufunguliwa ukiwa haupo: pakaza rangi ya kucha yenye vimetameta juu ya skrubu na uipige picha. Mbinu hii ilielezwa mwaka 2013 Hamburg, Ujerumani, katika mkutano wa wadukuzi wa Chaos Computer Club. Vimetameta hukauka bila mpangilio, na mtu akifungua skrubu hawezi kuvirudisha vilivyokuwa. Picha isipolingana na unachokiona, usiandike nywila yoyote humo hadi ikaguliwe.

Jaribu leo usiku: azima simu ya mtu wa nyumbani, ingia android.com/find, uilize simu yako. Isipolia, rekebisha mipangilio kabla ya safari.