Dondoo muhimu: Kuuzungukia mchoro kwenye programu ya SketchUp

Tafuta kipanya chenye gurudumu. Padi ya laptopu itakuchosha bure. Bonyeza gurudumu ulishikilie, kisha sogeza kipanya: nyumba uliyoichora inageuka, unaiona kuanzia paa hadi msingi. Ongeza Shift, mchoro unahama bila kugeuka. Kuzungusha gurudumu kunakusogeza karibu au mbali, na hapa ndipo wengi wanapopotea, maana programu inaelekea pale kishale kilipo. Kiweke kwanza juu ya fremu ya dirisha unalolitaka, ndipo uzungushe. Umepotea kabisa? Shift na Z, mchoro wote unarudi kwenye skrini. Tena, kila ukichora mstari, geuza mchoro uukague: mstari unaoonekana umegusa ukuta huenda uko mbali nyuma yake.