Mja mzito asijinyime chakula kwa kuogopa mtoto mkubwa

Pita Bulla Pesa, mjini Isiolo, saa za adhuhuri. Nyumba moja inapika wali na nyama ya mbuzi, nyingine githeri, nyingine anjera na chai ya maziwa. Mtaa huu una Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana, Wasamburu na wengineo, na kila jiko lina desturi yake. Hata hivyo, kuna onyo ambalo mama mwenye mimba anaweza kulisikia katika lugha zaidi ya moja ya kaskazini mwa Kenya: "Punguza kula, mtoto asije akawa mkubwa ukashindwa kujifungua."

Huenda nawe, msomaji, umewahi kuambiwa hivyo, au umemwambia binti yako. Watafiti wa lishe wameikuta imani hii miongoni mwa jamii za wafugaji wa Kenya, na pia katika nchi nyingine nyingi za Afrika na Asia. Isichekwe, kwani ilitokana na hofu ya kweli. Mama aliyeshikwa na uchungu mbali na hospitali, na mtoto akakwama, mara nyingi walikufa wote wawili. Nyanya zetu hawakuwa na daktari wa upasuaji. Walikuwa na chakula tu, nacho wakakipunguza.

Swali letu leo ni moja: je, njia hiyo inamsaidia mama?

Mtoto anakula kwa njia gani?

Mtoto aliye tumboni hali kwa mdomo. Chakula na hewa humfikia kupitia kitovu, kutoka kwa kondo la nyuma, lile zalio linalotoka baada yake. Zalio hunyonya sukari, protini, mafuta, madini na vitamini kutoka kwa damu ya mama. Damu ikiwa haba au dhaifu, mtoto naye hupata kidogo.

Wengi husema mtoto huchukua chake kwanza, mama abaki na makombo. Hiyo ni nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba mtoto huchota madini ya chuma na chokaa kutoka katika akiba ya mama. Lakini akiba ikiisha, wote wawili huumia.

Kila wakati wa mimba una kazi yake. Katika wiki nne za kwanza baada ya mimba kutunga, mfereji utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo huwa umekwisha kujifunga. Usipojifunga vizuri, mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi. Wakati huo mama wengi hata hawajui kama wana mimba. Ndiyo sababu vitamini iitwayo foliki inahitajika hata kabla ya mimba.

Uzito huja baadaye. Katika wiki ya 20 mtoto ana gramu 300 hivi. Katika wiki ya 28 anafika kama kilo 1. Akizaliwa kwa wakati wake huwa na kilo 3 au zaidi. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya mwili wake hujengwa katika miezi mitatu ya mwisho, na hiyo ndiyo miezi ambayo mama huambiwa apunguze kula.

Ushahidi wa njaa na wa biskuti

Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Wajerumani walizuia chakula kufika miji ya magharibi mwa Uholanzi. Watu walipewa chini ya kalori 1,000 kwa siku. Watoto ambao mama zao walikumbwa na njaa hiyo katika miezi ya mwisho ya mimba walizaliwa wakiwa wepesi kwa takriban gramu 300. Wale ambao mama zao waliona njaa miezi ya mwanzo tu walizaliwa na uzito wa kawaida, lakini ukubwani walipatikana na ugonjwa wa moyo zaidi ya wenzao. Yaani njaa ya tumboni inaweza kumfuata mtu hadi uzeeni.

Mfano wa pili unatoka Gambia, katika vijiji vya wakulima ambako kila mwaka huwa na msimu wa njaa. Wajawazito walipewa biskuti za njugu karanga, unga wa mchele, sukari na mafuta, zenye karibu kalori 1,000 kwa siku, kuanzia kama nusu ya mimba. Matokeo yalichapishwa 1997. Watoto waliongezeka uzito kwa wastani wa gramu 136, na katika msimu wa njaa gramu 201. Waliozaliwa wafu, na waliokufa wiki ya kwanza, walipungua kwa karibu nusu.

Sasa sikiliza jambo linalohusu hofu ya nyanya. Mzunguko wa kichwa cha mtoto uliongezeka kwa milimita 3 tu, maana yake upana wa kichwa uliongezeka kwa kama milimita 1. Hiyo ni nyembamba kuliko kijiti cha kiberiti. Chakula kilimpa mtoto nyama na nguvu. Hakikumpa kichwa cha kuziba njia.

Kinachomkwamisha mtoto

Basi mtoto hukwama kwa nini? Mara nyingi ni kwa sababu nyonga za mama ni nyembamba, ama kwa kuwa yeye mwenyewe bado ni msichana mdogo, ama kwa kuwa alidumaa utotoni kwa kukosa lishe. Wengine hukwama kwa sababu mtoto amelala vibaya tumboni. Kovu la ukeketaji nalo huongeza taabu na kuchanika wakati wa kuzaa.

Wapo watoto wanaozidi ukubwa kweli. Wengi wao ni wa mama wenye kisukari au walionenepa kupita kiasi. Dawa yake ni kupimwa sukari kliniki, si kushinda na njaa.

Mama aliyejinyima, kwa upande wake, hufika kwenye uchungu akiwa na damu kidogo na nguvu kidogo. Akitokwa na damu baada ya kuzaa, kiasi ambacho mwenzake angekistahimili kinaweza kumuua. Naye mtoto aliyezaliwa na chini ya kilo 2.5 hupata baridi upesi, hunyonya kwa shida na hushikwa na maradhi kwa urahisi.

Sahani ya mama

Kula kwa ajili ya mimba si kula vyakula vya watu wawili wazima. Miezi mitatu ya kwanza nyongeza ni ndogo sana. Kuanzia mwezi wa nne, mama aongeze mlo mmoja mdogo kwa siku, na miezi ya mwisho aongeze zaidi kidogo. Mama mwenye uzito wa kawaida hutarajiwa kuongezeka kilo 11 hadi 16 katika mimba nzima.

Soko la Isiolo lina vyote vinavyohitajika. Chagua kimoja au zaidi katika kila fungu:

Vya kujenga mwili: maharagwe, ndengu, kunde, mayai, omena, nyama ya mbuzi, nyirinyiri, maziwa ya ngamia au ya ng'ombe.

Vya kutia nguvu: ugali, wali, githeri, anjera, viazi, ndizi.

Vya kulinda mwili: sukuma wiki, terere, managu, malenge, maembe, papai, machungwa.

Kama nyama ni ghali, maharagwe na ndengu zinatosha kuanzia. Kula na chungwa au kamua ndimu juu yake. Vitamini ya matunda hayo husaidia mwili kunyonya madini ya chuma. Tumia chumvi yenye madini joto.

Mambo ya kuangalia

Chai. Kikombe cha chai pamoja na chakula huzuia chuma kunyonywa. Kunywa chai saa moja au mbili kabla au baada ya kula, na sukari iwe kidogo. Chai isishike nafasi ya mlo.

Maziwa. Chemsha, hata yawe ya ngamia. Maziwa mabichi yanaweza kubeba brusela, ugonjwa wa mifugo unaoweza kuharibu mimba.

Miraa. Huua hamu ya kula. Utafiti uliofanywa Yemen ulionyesha kwamba mama wanaotafuna walizaa watoto wepesi zaidi. Acha.

Udongo na mawe. Hamu ya kula udongo inaweza kuwa dalili ya upungufu wa damu. Udongo huleta mayai ya minyoo na kuzuia chuma. Mwambie muuguzi bila haya.

Ramadhani. Mja mzito anayehofia afya yake au ya mtoto ana ruhusa ya kuahirisha saumu. Zungumza na daktari na sheikh wako mapema.

Usikose kliniki

Anza kliniki mara ujuapo una mimba. Shirika la Afya Duniani limependekeza tangu 2016 kwamba mama aonwe mara nane. Utapimwa damu, shinikizo la damu na uzito. Mkono wako wa juu ukipimwa na kuwa chini ya sentimita 21, ni dalili ya utapiamlo, nawe uulize kuhusu chakula cha nyongeza.

Utapewa vidonge vya chuma na foliki vya kumeza kila siku: miligramu 60 za chuma na miligramu 0.4 za foliki. Choo kitakuwa cheusi. Usishtuke, ni chuma hicho. Ukisikia kichefuchefu, meza usiku baada ya kula. Usivifiche chini ya mto kwa kuogopa kwamba vitamnenepesha mtoto. Kazi yake ni kuongeza damu.

Neno la mwisho si la mja mzito. Ni la wale wanaokaa naye. Mvua zilipokosa kwa misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, nyumba nyingi za kaskazini zilikula mara moja kwa siku. Sahani ikiwa ndogo, mara nyingi mama ndiye hula mwisho. Wewe mume, na wewe mama mkwe, mpakulieni kwanza. Na kama hofu yenu ni uzazi mgumu, hofu hiyo ina dawa bora kuliko njaa: wekeni nauli tayari, jueni ni gari la nani litakaloitwa usiku, na mama ajifungulie hospitali.