Jina la Intaneti Limeandikwa kwa Kitabu Gani?

Hapa Gatongora hatufundishani juu ya karatasi za ploti. Wengi tunajua mtu aliyepewa cheti na kampuni ya mashamba, na kufika ofisi ya ardhi akaambiwa jina lake halimo. Kwa intaneti mambo ni hayo hayo.

Kikundi kimoja cha kina mama wafuga kuku kiliniletea swali. Kijana aliwauzia jina la kudumu, ati halilipiwi kila mwaka. Kwa simu ya kijana linafunguka. Kwa simu za wateja halifunguki. Kwa nini?

Ukiandika jina, simu yako haijui njia, lazima iulize. Maswali huanzia kwa orodha kuu iitwayo mzizi, inayosimamiwa na ICANN, shirika lililoundwa Marekani mwaka 1998. Mzizi hujibu: majina ya .ke, nenda kwa KENIC. Hao ndio wameshika kitabu cha .ke tangu 2002.

Lakini mtu mwenye kompyuta na ujuzi anaweza kuanzisha mzizi wake. OpenNIC ilianza hivyo mwaka 2000. Si matapeli! Ni watu wasiotaka shirika moja liamue kila kitu, na mimi naona wana haki kulalamika. Shida ni kwamba simu haiulizi huko mpaka ubadilishe mipangilio yake. Kijana alibadilisha yake. Sasa nani atabadilisha yake kwa sababu ya trei ya mayai?

Tena kuna hatari ya pili. Mzizi mmoja wa pembeni ulikuwa tayari na majina ya .biz, halafu ICANN ikaanzisha .biz yake mwaka 2001. Ploti moja, vyeti viwili. Dunia nzima ilifuata cheti cha ICANN.

Kwa hivyo kabla ya kutoa pesa, mwombe muuzaji akutajie jina lingine aliloliuza. Mpigie jamaa yako wa Mombasa alifungue kwa simu yake, bila kugusa mipangilio. Kikundi kinaweza kuchukua .or.ke au .co.ke kwa wakala aliyekubaliwa na KENIC. Ndio, italipiwa kila mwaka. Na liandikishwe kwa jina la kikundi, si la kijana anayejua kompyuta!

Kina mama walirudishiwa nusu ya pesa. Wanachanga tena.