Saa ya Mwili na Saa ya Sheria

Tarehe 20 Novemba, 2011, sheria mpya ilianza kutumika nchini Korea ya Kusini. Iliyaamuru makampuni yanayoendesha michezo ya kompyuta kwa njia ya intaneti kuwafungia milango watoto wote wasiotimiza umri wa miaka 16, kila siku kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi. Shabaha mojawapo ilikuwa kuwarudishia watoto usingizi wao. Mwaka 2014 Mahakama ya Katiba iliihalalisha. Lakini mnamo Novemba 2021 Bunge liliifuta, na ikakoma tarehe 1 Januari, 2022. Kisa hiki chafaa kuchunguzwa katika somo la bayolojia, kwani sheria ya namna hii ni jaribio juu ya mwili wa binadamu, hata kama walioitunga hawakuiita hivyo.

Yafaa kuanza na mwili wenyewe. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali zinapopishana neva mbili zitokazo machoni, pana chembe hai zipatazo 20,000 ambazo ndizo saa kuu ya mwili. Saa hiyo hujiendesha yenyewe. Mtu akiwekwa mahali pasipo dalili yoyote ya usiku wala mchana, bado atasinzia na kuamka kwa mzunguko ambao, kwa wastani, huzidi saa 24 kwa dakika chache. Nuru ndiyo huirekebisha kila siku. Katika retina, mbali na chembe zinazomwezesha mtu kuona maumbo na rangi, kuna nyingine chache ambazo kazi yake kubwa ni kupima mwanga na kuipasha habari saa hiyo. Nazo huathirika zaidi na nuru ya buluu, yenye urefu wa wimbi upatao nanomita 480. Giza liingiapo, tezi ndogo iliyomo ubongoni hutoa homoni iitwayo melatonini, ambayo huuarifu mwili kwamba usiku umewadia. Mwanga wa usiku huichelewesha taarifa hiyo.

Wakati wa kubalehe saa yenyewe huchelewa. Melatonini huanza kutoka baadaye kuliko utotoni, na haja ya usingizi inayojilimbikiza mchana kutwa huongezeka polepole zaidi. Hata hivyo kiasi cha usingizi kinachohitajika hakipungui sana: mwaka 2016 wataalamu wa usingizi wa Marekani walipendekeza saa 8 hadi 10 kwa vijana wa miaka 13 hadi 18. Mzazi amwonaye kijana akikesha, kisha akilala hadi jua limepanda, humwita mvivu. Sehemu ya uvivu huo ni maumbile. Sehemu tu, maana mchezo nao una nguvu zake. Mpira wa miguu huisha refa apulizapo filimbi. Michezo mingi ya intaneti haina filimbi, na wenzake mchezaji huendelea kumngoja.

Je, sheria ya Korea ililingana na maarifa hayo? Hesabu ndogo yatosha. Mtoto aachaye mchezo saa 6 usiku na kuamshwa saa 12 asubuhi kwa ajili ya shule hawezi kupata zaidi ya saa 6 za usingizi. Kwa hiyo hata kama kila mtoto angeitii sheria, bado ingelinda usingizi pungufu.

Tena haikutiiwa na wote. Umri ulithibitishwa kwa namba ya usajili wa raia, na mtoto aliyeijua namba ya mzazi wake aliweza kuingia kama mtu mzima. Michezo ya simu za mkononi haikuguswa, na katika miaka hiyohiyo simu zilikuwa zikienea kwa kasi. Aidha, si mchezo peke yake uliowakesha watoto wale. Masomo ya ziada ya jioni yalikuwa yamekithiri hata jiji la Seoul likaweka amri yake ya kuyafunga madarasa hayo ya kulipia saa 4 usiku.

Watafiti walioipima athari ya sheria waliona nyongeza ndogo mno ya usingizi. Hapa mwanafunzi aangalie njia ya upimaji. Kulinganisha hali ya kabla na ya baada hakutoshi, maana mengine mengi hubadilika pamoja na sheria. Mpaka wa miaka 16 ulitoa ulinganifu bora zaidi: kijana wa miaka 15 na mwenzake wa 16 waliishi katika nchi ileile, wenye simu zilezile, ila mmoja tu ndiye aliyefungiwa.

China ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2019 iliwazuia walio chini ya miaka 18 kucheza kati ya saa 4 usiku na saa 2 asubuhi. Tangu Septemba 2021 wameruhusiwa saa moja tu, kuanzia saa 2 hadi saa 3 usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, wenye takwimu za zaidi ya saa bilioni 7 za uchezaji, haukuona dalili kwamba amri ya 2019 ilipunguza uchezaji wa kupindukia. Lakini takwimu hizo hazikuwatenga watoto na watu wazima, na hilo ni pengo kubwa.

Siku ileile sheria ya Korea ilipokoma, orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani ilianza kutumika, na ugonjwa wa uchezaji umo. Alama zake ni kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine, na kuendelea licha ya madhara, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. Saa ya ukutani haikutajwa.

Mwalimu aweza kulijaribu jambo hili darasani. Kila mwanafunzi aandike kwa wiki mbili saa aliyolala na saa aliyoamka. Katika wiki ya pili, nusu ya darasa iache simu, televisheni na kompyuta baada ya saa 3 usiku. Nusu hiyo ipatikane kwa kura, isiwe ya waliojitolea, kwa kuwa wanaojitolea huenda ndio wale wanaolala mapema tayari.