Bahati Nayo Ipangiwe: Vidokezo kwa Wenye Miradi Kitale na Bungoma

Kamati za miradi huku kwetu zinajua kuorodhesha mabaya: mvua kuchelewa, viwavijeshi, mbolea kukawia. Sawa. Lakini nani ameandika tutafanyaje mvua ikinyesha vizuri na mahindi yakalijaza ghala hadi mlangoni? Neema isiyopangiwa humfaidi dalali.

1. Iandike. Daftari la hatari liwe pia na ukurasa wa fursa. Kila fursa iwe na dalili yake, tarehe na mtu wa kuifuatilia. "Bei huenda ikapanda" haitoshi. Andika: "Kuanzia Aprili, katibu aulize bei Kitale na Chwele kila wiki."

2. Ya hakika, ikamate. Wakati wa mavuno, Oktoba hadi Desemba, bei huwa chini; ghala za watu zikianza kuwa tupu, hupanda. Kinachomzuia mkulima kungoja mara nyingi ni unyevu, kwani mahindi yasiyokauka hadi asilimia 13.5 huoza ghalani. Kikundi kisicho na kipimo kichukue chupa ya kioo iliyo kavu, kitie konzi ya mahindi na chumvi kavu kidogo, kitikise kwa dakika chache, kisha kiiache itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, rudisheni mahindi kwenye turubai. Isiponata, bado tafuteni kipimo kabla ya kuyafungia, maana njia hii haiwezi kuonyesha kama mmefika 13.5. Tena msishikilie magunia yote: serikali ikiruhusu mahindi ya nje, bei hushuka ghafla. Uzeni sehemu mapema mlipe madeni.

3. Isiyo na hakika, iongezee nguvu. Shirika la One Acre Fund lilianzia Bungoma mwaka 2006 na familia chache. Halikukopesha mbegu na mbolea tu; liliongeza mafunzo ya upandaji na kuvileta vifaa karibu na mkulima. Mkopo peke yake ungeyaacha mavuno mikononi mwa bahati. Jiulizeni: ni kitu gani kidogo tukikiongeza sasa, jambo jema litakaribia zaidi?

4. Gawaneni. Kenya Seed, iliyoanzishwa Kitale mwaka 1956, huzalisha mbegu pamoja na wakulima wa mkataba. Ninyi nanyi, badala ya kukopa kununua mashine ya kupukuchua, mwiteni mwenye nayo mkubaliane malipo kwa kila gunia. Maandishi yatangulie kazi, hata akiwa shemeji.

5. Iliyowazidi, ipelekeni juu. Barabara ya lami ya Kitale, Endebess hadi Suam inafungua soko la Uganda, lakini kikundi cha watu ishirini hakiwezi kujenga ghala la mpakani. Pelekeni wazo kwa MCA na kwenye vikao vya wananchi vya bajeti ya kaunti, likiwa na makadirio ya magunia na gharama.

6. Nyingine zipokeeni tu. Ikija, shukuruni. Isipokuja, mradi uendelee.

Tano kati ya hatua hizi, ikiwemo kuipeleka fursa ngazi ya juu, zimo katika mwongozo wa mwaka 2017 wa PMI, taasisi ya usimamizi wa miradi ya Marekani. Mkutano ujao, kabla ya maombi ya kufunga, tengeni nusu saa mwandike fursa tatu na jina la mtu mbele ya kila moja.