Usitie maziwa ya mama kwenye macho yaliyoungua kwa theluji

SWALI: Daktari, mimi ni kijana wa Chamwino, nafanya kazi ya upagazi Mlima Kilimanjaro. Mwezi uliopita tulilala na wageni kule juu ndani ya kreta ya Kibo, theluji mpya imetanda kila upande. Wageni walikuwa na miwani, mimi sikuwa nayo. Usiku macho yote mawili yakaanza kuwasha na kuchoma kama yamejaa mchanga, nikashindwa kuyafumbua. Kesho yake wenzangu walinishusha kwa kunishika mkono hadi Moshi. Mama mdogo akaniombea maziwa kwa jirani anayenyonyesha, akanitia matone machoni, na siku iliyofuata nikaona vizuri. Rafiki yangu fundi wa kuchomelea hapa Dodoma ananiambia matone yake ya ganzi ni bora zaidi. Msimu unafunguka Juni. Nibebe dawa ipi? Jicho la kushoto bado linatoa machozi na lina doa dogo jeupe, ila halinisumbui sana.

JIBU: Mwanangu, usibebe maziwa, wala hayo matone ya fundi. Na hiyo sentensi uliyoiweka mwishoni, ya doa jeupe, ndiyo iliyonifanya niijibu barua yako kabla ya nyingine zote. Nitaifikia.

Kilichokupata si baridi kuingia machoni, kama wengi wanavyoamini. Ni kuungua. Jua lina mionzi ya urujuanimno, na kila unapopanda mita 1,000 mionzi hiyo huongezeka kwa karibu asilimia 10. Hapa Dodoma tupo kwenye mita 1,100 na ushei. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Halafu ipo theluji yenyewe. Nyasi hurudisha mionzi kidogo sana, lakini theluji mpya huweza kurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi inayoiangukia, kwa hiyo kofia haikusaidii: jua linakupiga kutoka chini. Ngozi ya juu ya kioo cha jicho huungua bila wewe kuhisi lolote, na maumivu huja saa 6 hadi 12 baadaye. Ndiyo maana yalikuanza usiku. Rafiki yako fundi anaugua ugonjwa huohuo kila anapochomelea bila kinga.

Sasa nisikilize kwa makini kuhusu maziwa. Ngozi ile ya juu ya jicho hujiotea upya yenyewe, kwa kawaida ndani ya siku moja hadi tatu. Hesabu mwenyewe: uliumia usiku, kesho yake ukashuka, jioni ukatiwa maziwa, siku iliyofuata ukaona. Ungetiwa maji ya mtungi ungeona siku hiyohiyo. Usingetiwa kitu ungeona siku hiyohiyo, tena kwa usalama zaidi. Maziwa yalikuta jicho linapona, yakapewa sifa isiyo yake. Kwa njia hiyohiyo watu wamepata imani katika maji ya majani, maji ya sukari, maji ya tumbaku, hata mkojo. Nimeyasikia yote kutoka kwa wagonjwa wa mkoa huu, ambako vumbi, upepo na vikope vimewafanya watu wazoee kujitibu macho nyumbani.

Hatari yake ni hii. Jicho lililoungua limechubuka, na maziwa yana sukari na vijidudu. Kikombe alichokamulia jirani hakikuchemshwa, na kidole cha mama mdogo, kwa upendo wake wote, hakikuwa safi kama kinavyotakiwa kuwa kwenye kidonda. Vijidudu vikiingia hapo vinachimba. Tukitia jichoni tone la dawa ya rangi ya chungwa na kulimulika kwa mwanga wa buluu, mahali palipochimbika hung'aa kijani. Kidonda hicho kikipona huacha kovu jeupe, na kovu likikaa mbele ya mboni, mtu haoni. Wapo watu katika nchi hii waliopofuka kwa dawa, si kwa ugonjwa walioanza nao. Jambo hilo linaniuma kila ninapoliona.

Matone ya ganzi nayo si tiba. Sisi hutia tone moja ili tuweze kulichunguza jicho, basi. Ukiyatumia kila maumivu yanaporudi, unazuia ngozi isiote, na unalisugua jicho bila kujua unaliumiza. Mwambie rafiki yako aitupe chupa hiyo na anunue ngao ya uso.

Mlimani beba miwani inayozuia mionzi ya urujuanimno kwa asilimia 100, inayofunika hadi pembeni. Weusi wa kioo peke yake ni hatari: mboni inapanuka na mionzi inaingia zaidi. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyeiwakilisha Kenya kwenye mchezo wa kuteleza thelujini katika Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018, hakushuka mteremko bila kufunika macho, na wewe mpagazi unahitaji kinga hiyohiyo. Wenye kampuni wanaowapeleka wapagazi juu wanapaswa kuhakikisha kila mmoja ana miwani kabla hajavuka geti. Ikipotea njiani, kata kipande cha boksi, kitoboe mwanya mwembamba mbele ya kila jicho, kifunge kwa kamba. Watu wa Aktiki walijikinga hivyo kwa mfupa na mti.

Ukiungua tena: toka kwenye mwanga, fumba macho, weka juu yake kitambaa safi chenye maji baridi safi, meza panado, usisugue. Ukiona ukungu pamoja na kichwa kuuma sana na kuyumba, hilo si jambo la macho tu. Ushushwe saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Turudi kwenye doa. Kuungua kwa theluji hakuachi doa jeupe mwezi mzima baadaye. Jicho moja kubaki linatoa machozi wakati jingine limepona ni dalili ya kidonda au kovu, na kidonda hakisubiri msimu. "Halinisumbui sana" ni maneno ninayoyasikia kwa watu waliochelewa. Ulitakiwa uonwe saa 48 baada ya kuumia, si leo. Wewe wa Chamwino una Hospitali ya Mvumi yenye kitengo cha macho, na hapa mjini ipo Benjamin Mkapa. Nenda kesho asubuhi. Usitie chochote kabla ya kwenda, hata dawa ya dukani, waambie ukweli kuhusu yale maziwa, na usipande mlima mpaka daktari wa macho akuruhusu.