Brokoli ya mume wangu

*Daktari, huwa nachemsha brokoli mpaka ilainike, kisha namwaga maji. Jirani anasema namwaga vitamini. Pia mume wangu anatumia warfarini. Je, aache kuila?*
Mama J., Arusha

Mama J., jirani yako amesema kweli. Gramu 100 za brokoli mbichi zina takriban miligramu 90 za vitamini C, lakini vitamini hiyo huyeyuka majini na kuharibiwa na moto. Tia maji kidogo tu, funika sufuria, pika dakika 4 au 5. Ikikoza ukijani na uma ukipenya kwa shida kidogo, ipua. Shina usilitupe: limenye, ulikate vipande vyembamba, litangulie sufuriani. Ni tamu!

Kuhusu mume wako, asiache ghafla. Brokoli ina vitamini K nyingi, inayosaidia damu kuganda, hivyo hushindana na warfarini, dawa inayozuia damu kuganda. Dozi yake hupangwa kulingana na chakula alichozoea; muhimu ale kiasi kilekile kila wiki. Akitaka kuongeza au kupunguza brokoli, awaambie kwanza kliniki wampime damu. Fizi zikitoka damu bila kukoma, au choo kikiwa cheusi, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.